FastAPI na matoleo mawili ya Pydantic: daraja lilichelewa kuja, likavunjwa haraka

Ndugu zangu walisansie na wanafunzi, leo sitaongea juu ya muhogo, ao kidogo tu. Wengi wetu tuliosoma agronomia tuko tunaandika Python sasa, sababu kazi ya kuandikisha wakulima na mashamba yao inapita mu telefone. Kwa hiyo nataka kupima kazi moja ambayo tunaitumia bila kuiuliza kitu: namna FastAPI ilivyobeba matoleo mawili ya Pydantic. Wazo langu ni hili: walifanya vizuri kuyabeba yote mawili, lakini msaada ambao watu wadogo walihitaji zaidi ulikuja nyuma ya miaka miwili, na haukudumu.

Tuelewane kwanza. Pydantic, iliyoanzishwa na Samuel Colvin, ni maktaba ya kukagua data: unaiambia hapa nataka hesabu, hapa nataka maneno, na kila kinachoingia inakipima. FastAPI, ya Sebastián Ramírez wa Kolombia, ilitoka 2018 na inamweka mkaguzi huyo mlangoni pa programu yako. Data mbaya ikija, inarudishwa na kosa namba 422. Tarehe 30 Juni 2023 Pydantic 2 ikatoka, kiini chake kimeandikwa upya kwa Rust ili kiende mbio. Mwezi wa Julai, FastAPI 0.100 ikakubali toleo la 1 na la 2. Mpaka hapo, pongezi.

Kubadilika kwa majina si shida kubwa. `.dict()` njo sasa `.model_dump()`, `@validator` njo `@field_validator`. Unatafuta, unabadilisha, imeisha. Shida iko kwa vitu ambavyo jina limebaki lilelile lakini maana imebadilika.

Kamata mfano wa fishi ya mkulima wa Basoko: jina, postnom, prenomu, telefone, hekta. Postnom umeiandika `Optional[str]`. Mu toleo la 1, isipotumwa, inawekwa tupu na fishi inapita. Mu toleo la 2, fishi inarudi! Sababu sasa `Optional` inasema tu "inaweza kuwa tupu", haisemi "unaweza kuiacha". Lazima uongeze `= None`. Mama ambaye hana postnom hajakosea kitu, lakini mlango umemfungia.

Telefone ni kinyume chake. Umeandika `str`, lakini fomu inatuma hesabu. Toleo la 1 lilikuwa linageuza hesabu kuwa maneno kimyakimya, linapokea. Toleo la 2 linakataa. Hapa mimi nasimama na toleo la 2, tena kwa nguvu. JSON haikubali hesabu ianze na sifuri, kwa hiyo namba ya 081 ilishapoteza sifuri yake mbele ya kufika. Lile la zamani lilikuwa linatunza namba zilizokatwa na kutuambia mambo iko sawa.

Sasa, nani analipa wakati maana inabadilika? Kampuni yenye wahandisi kumi na majaribio yanayojiendesha itaona kosa usiku huohuo. Mtu mmoja anayenunua mega za siku, umeme unakuja na kwenda, ataona baadaye. Basoko iko pale Aruwimi inaingia mu mto Kongo. Ajenti anajaza fishi vijijini bila rezo, anazituma akirudi. Akikutana na 422, mkulima alishabaki mbali, na safari ya pirogi ilishalipwa.

Njo hapa lawama langu. Tangu Julai 2023, FastAPI ilikubali toleo moja ao lingine. Kuyachanganya mu programu moja, hapana. Ulipaswa kuruka mto wote mara moja. Kuchanganya kulikuja na 0.119, Oktoba 2025: fishi za zamani zikapita kwa `pydantic.v1`, mpya kwa toleo la 2, moja moja, pole pole. Vizuri kabisa! Lakini Desemba 2025 toleo la 0.126 likaondoa Pydantic 1, na 0.128, mwezi uleule, likafunga hata `pydantic.v1`. Haikufika miezi mitatu. Sisi tunajua: mkulima hang'oi mbegu ya zamani siku anapopewa mpya. Anazipanda kandokando, anavuna, anaonja. Muhogo peke yake unaomba karibu mwaka mzima.

Wako na sababu, na ni za kweli. Kubeba matoleo mawili ni kuandika sehemu nyingi mara mbili na kuzipima mara mbili. Python 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, haiendi na Pydantic 1. Matoleo ya zamani ya FastAPI hayakufutwa pia, na kazi yote tunaipata bure. Nakubali. Lakini mimi nakosoa mpangilio: ruhusa ya kuchanganya ingetoka 2023, pamoja na tarehe ya kuifunga, watu wangevuka wakiwa na akili imetulia.

Kwa wenye kuwa na programu ya zamani: andikeni namba kamili ya toleo mu `requirements.txt`, isibadilike bila ninyi kujua. Tafuteni kila `Optional` isiyo na `= None`. Fomu itume telefone kama maneno. Halafu kamateni fishi chache za kweli, na ile ya mama asiye na postnom iwe ya kwanza, mpitishe mu toleo jipya mbele ajenti hajapanda pirogi.