Jicho la Pembeni mwa Uwanja

Beki Axel Tuanzebe alizaliwa hapa Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, tarehe 14 Novemba 1997. Aliondoka na wazazi wake angali mdogo, wakahamia Uingereza, wakakaa Rochdale, na alipofika miaka 8 alikuwa tayari ameingia akademi ya Manchester United. Kwa hiyo hakuna mtu wa Bunia anayeweza kudai kwamba alimwona akicheza mitaa ya Mudzipela au Nyakasanza, akasema: huyu atafika. Waliosema hivyo walikuwa watu wa Manchester, ambao kazi yao ni hiyo. Kila jina lake likitajwa huwa nawafikiria wenzangu wa hapa mjini, wasiolipwa na yeyote, wanaosimama kwenye vumbi jekundu kila Jumapili kutazama watoto ambao hawajulikani hata mtaa wa pili, kisha wakatoa hukumu hadharani. Hao ndio ninaotaka kuwasifu. Wanalolifanya ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na wenye mabingwa wake, na sijaona mtu akiuandikia hata ukurasa mmoja.

Kumsifu mchezaji aliyekwisha kufika hakuhitaji jicho. Kila mtu anajua kwamba Mbappé ana mbio. Kazi ni kumjua mtu akiwa na miaka 15, amevaa kandambili za plastiki, katika mechi isiyo na mshika kibendera, kwenye uwanja ulioinama upande mmoja. Hapo macho ya kawaida huufuata mpira. Macho ya fundi huenda kwenye kichwa cha mchezaji kabla mpira haujamfikia: amegeuza shingo kuangalia nyuma yake, au ameukodolea mpira macho mpaka ukamkuta amesimama? Kisha huangalia mguso wa kwanza, na hapa uwanja wetu una somo lake. Kwenye udongo mkavu wa Bunia mpira haubingiriki, unaruka, na kila kijiwe kinaupotosha. Kijana anayeupokea mara tu unapogusa ardhi, kabla haujapata nafasi ya kuruka, amefikiri mapema. Anayesubiri utulie atangoja mpaka aje mtu wa kumnyang'anya. Ukimpeleka wa kwanza kwenye nyasi nzuri atacheza kana kwamba ameongezewa muda.

Yuko mzee mmoja tunayemwita Papa, aliyecheza beki enzi za Zaire, siku hizi anauza vipuri vya pikipiki. Vijana humzunguka pembeni mwa uwanja ili tu wasikie atasema nini.

"Papa, umeiona chenga ile?"

"Nimeiona, mwanangu. Baada ya chenga alikwenda wapi?"

"Alipoteza mpira."

"Akafanya nini?"

Kijana akanyamaza.

"Alisimama akashika kiuno," Papa akasema. "Tumwangalie tena Jumapili ijayo."

Ndivyo ufundi huu unavyofundishwa, kwa maswali na kwa subira. Chenga moja haitoshi kumpandisha mtu, wala kosa moja halitoshi kumzika. Wanunuzi wa dhahabu wa mjini kwetu, wanaopokea unga wake kutoka migodi ya Mongbwalu, hawakubali kuuziwa mng'ao: hupitisha sumaku kutoa mchanga wa chuma, huchoma, hupima, ndipo wanataja bei. Na bei ikishatajwa mbele ya mwenye mali hairudi mdomoni. Papa naye ni hivyohivyo. Akishasema, amesema, na miaka mitatu baadaye kuna mtu atamkumbusha.

Siku ambayo Tuanzebe alicheza Paris, tarehe 20 Oktoba 2020, mafundi hawa walipata mtihani wao. Alikuwa hajacheza mechi ya mashindano kwa takriban miezi kumi kwa sababu ya majeraha, na kocha Ole Gunnar Solskjær akampanga na Lindelöf na Luke Shaw katika safu ya mabeki watatu, mbele yao Neymar na Mbappé wa PSG. United walishinda 2-1. Kesho yake dunia nzima ilizungumzia mbio zake. Watu wa pembeni mwa uwanja walizungumzia miguu yake ilipokuwa imetulia: jinsi alivyosimama ubavu, akaacha nafasi ya hatua moja, asijitupe. Beki anayejitupa mbele ya Mbappé ameshapitwa. Anayesubiri humlazimisha mshambuliaji aamue kwanza, na kuamua kwanza ndiko kunakomponza mshambuliaji. Nilijifunza kuutazama ulinzi usiku ule, kwa kusikiliza watu ambao hawajawahi kukaa kwenye darasa la makocha.

Usajili nao una elimu yake. Mwaka 2011 Simba ya Dar es Salaam ilikutana na TP Mazembe ya kwetu Kongo katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe walishinda uwanjani, lakini waliondoka na kitu kikubwa kuliko ushindi: walikuwa wamemwona mshambuliaji wa Simba, Mbwana Samatta. Wakamsajili mwaka uleule. Mwaka 2015 akawapa kombe la ligi hiyo, Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza barani, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji. Huo ni usajili wa jicho.  Klabu ilimtazama mpinzani wake vizuri kwa dakika 180.

Miaka kumi baadaye mkondo ukageuka, Watanzania wakaja kuchota kwetu. Yanga walimchukua Fiston Mayele kutoka AS Vita Club mwaka 2021, wakamchukua Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union ya Kindu mwaka 2023. Mayele alifunga mabao 17 katika ligi ya Tanzania msimu wa 2022/23, na msimu huohuo akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga wakafika fainali. Akaenda Pyramids ya Misri, na Juni 2025 akafunga katika mechi ya marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa, Pyramids wakatwaa kombe. Mashariki mwa Kongo mjadala juu ya mtu kama huyu haukauki, kwa sababu tunaufuata kwa lugha yetu. Watangazaji wa Dar wanazungumza Kiswahili, na muuza vocha wa Bunia anawaelewa bila mkalimani.

Siku hizi mjadala umehamia pia kwenye simu. Vijana wanacheza Fantasy Premier League, mchezo wa kuunda timu ya kubuni ya Ligi Kuu ya Uingereza, na mimi sikubaliani na wazee wanaouona kuwa upuuzi wa kuchoma megabaiti. Unapewa pauni milioni 100 za kubuni, unatafuta wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Mshambuliaji akifunga unapata pointi 4, kiungo 5, beki 6. Nahodha pointi zake huzidishwa mara mbili. Kikosi kinafungwa saa moja na nusu kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, ambayo Jumamosi nyingi za baridi ya Ulaya ni saa saba mchana kwa saa za Bunia. Asiye na vifurushi saa hiyo, timu yake inabaki ilivyo. Ninachokipenda ni kwamba mchezo huu unamlazimisha mtu aseme kabla, na hauruhusu kusahau. Msimu wa 2025/26 waliongeza sheria nzuri: beki akifikisha matendo 10 ya ulinzi katika mechi moja, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kukata pasi na kunyang'anya, anapata pointi 2. Hatimaye hesabu imeanza kuona kile ambacho Papa wa vipuri amekuwa akikiona siku zote.

Msimu huo kijana wa Bunia alikuwa na vishawishi vingi vya Wakongo wenzake. Tuanzebe alikuwa Burnley, Aaron Wan-Bissaka alikuwa West Ham na ameamua kuichezea Kongo, Noah Sadiki na Arthur Masuaku walikuwa Sunderland. Na Yoane Wissa, aliyefunga mabao 19 ya ligi akiwa na Brentford msimu uliotangulia, alikuwa amenunuliwa na Newcastle kwa takriban pauni milioni 55. Moyo unasema chukua wote. Fundi anauliza: timu yake inafungwa mara ngapi? Anaanza au anatoka benchi? Ana mechi gani wiki tatu zijazo? Kisha tarehe 9 Septemba 2025 Leopards, timu yetu ya taifa, wakacheza na Senegal hapo Kinshasa, Wissa akaumia goti kabla hajavaa jezi ya Newcastle hata dakika moja, na hakurudi mpaka Desemba. Kuna waliomweka Wissa kikosini kwa mapenzi ya bendera wakaumia mara mbili siku moja. Sioni ubaya kumpenda mtu wa kwenu. Ubaya ni kumpa unahodha bila kumtazama.

Liko jambo ambalo simu hailiwezi, nalo ni umri. Mwaka 2009 FIFA walianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, kwa sababu karatasi hazikuaminika. Ituri imepitia vita, watu wamehama, vyeti vimepotea, na watoto wengi hawakuwahi kuandikishwa. Lakini pembeni mwa uwanja kuna mtu atakayekuambia: huyu alisoma darasa moja na mdogo wangu, mama yake alimzaa tukiwa tumekimbilia Beni. Kumbukumbu hiyo ni nusu ya hukumu, maana kijana wa miaka 20 anayewazidi nguvu wa miaka 16 si kipaji, na mzigo wake utabebwa na yule mdogo aliyeachwa benchi.

Nimesimama katika mijadala hiyo nikaona jambo jingine linalonigusa zaidi ya mabao. Mhema, Mlendu, Mwalur, Mnande na Mbira wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu beki wa kushoto, na kinachomshinda mtu ni hoja. Ukisema mtoto fulani ni mzuri kwa sababu ni wa kwenu, utaulizwa: mguu wake wa kulia uko wapi? Katika mkoa uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na ambao maelfu ya watu wake wamelala kambini, mahali ambapo ushahidi unaheshimiwa kuliko ukoo ni mahali pa thamani.

Ila ufundi huu una pengo moja, nalo linatibika. Mabao ya mshambuliaji wa Zaire, Ndaye Mulamba, ya mwaka 1974, 9 katika Kombe moja la Mataifa ya Afrika, yameandikwa, ndiyo maana hadi leo tunajua kwamba hakuna aliyewahi kuyapita. Mabao ya mitaa ya Bunia yanaishia hewani. Pointi za beki wa Sunderland zimehifadhiwa mpaka mwisho wa dunia, na kijana aliyecheza vizuri Jumapili iliyopita Bankoko hana hata mstari mmoja popote. Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu wa pembeni mwa uwanja: nunueni daftari la shule. Andikeni tarehe, jina, timu, mguu anaoutumia, mwaka aliozaliwa kwa kadiri mnavyoujua, na hukumu yenu pamoja na jina la aliyeitoa. Anzeni Jumapili hii.