Tope la Engaruka na malambo yetu

Ukiondoka Sakina, jijini Arusha, na kuishika barabara ya Namanga, migomba inakusindikiza mpaka Ngaramtoni, kisha nchi inabadilika upesi. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, unazikinga mvua zinazotoka upande wa Bahari ya Hindi na kuzimwaga kwenye ubavu wa kusini na mashariki. Ubavu wa pili, kuanzia Oldonyo Sambu kushuka hadi Longido, unapata masazo. Huko lambo likikauka, mifugo inahama, na watoto wa shule wanahama nayo muhula ukiwa katikati.

Kila ukame ukija tunajadili jambo moja: pa kuchimba. Hoja yangu ni kwamba miradi mingi ya maji ya ukanda huu inauawa na tope, na kwamba waliowahi kulimudu tope hilo waliishi hapa hapa mkoani Arusha, wilayani Monduli, kati ya karne ya 15 na ya 18.

Nianze na visima, maana najua wengi watauliza kwa nini tusichimbe tu tukamaliza. Miamba ya Meru ni ya volkano, na maji yanayokaa ndani yake muda mrefu yanayeyusha madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini vyanzo vingi kuzunguka mlima vinapita hapo kwa mbali. Meno ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai na Ngarenanyuki yanatosha kuwa ushahidi, na wapo watoto waliopinda miguu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kubwa ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kwa maji ya kunywa ya familia chujio hilo linafaa. Kwa kundi la ng'ombe au shamba halifai, kwa sababu mkaa unachoka na lazima ubadilishwe. Bomba kutoka mto Simba, huko Siha, limeusaidia mji wa Longido, lakini boma lililo mbali na bomba bado linategemea mvua.

Na mvua si kidogo kama tunavyosema. Milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Sehemu inayopata milimita 400 kwa mwaka, ekari yake moja hupokea lita zaidi ya milioni 1.6. Ng'ombe akinywa lita 30 kwa siku, maji hayo yangewatosha ng'ombe 140 mwaka mzima. Shida ni kwamba yanakuja kwa dhoruba chache, yanateremka kwenye makorongo kwa saa kadhaa yakiwa yamebeba udongo, na kesho yake korongo ni kavu.

Engaruka, walikoishi watu wale wa Monduli niliowataja, ipo katika hali hiyo hiyo. Iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya ziwa Manyara na ziwa Natron, na mvua yake ni takriban hizo hizo milimita 400. Mjerumani Hans Reck alipaeleza mwaka 1913, Louis Leakey akafika mwaka 1935, na wanaakiolojia hawajaacha kurudi tangu hapo. Walichokikuta ni mashamba ya hekta zipatazo 2,000 yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, na juu yake vijiji saba vilivyojengwa kwenye ngazi za mawe mlimani. Leakey alikisia wakazi 30,000 au zaidi. Watafiti waliofuata, akiwamo John Sutton, walishusha sana makisio hayo. Zao ambalo mbegu zake zimefukuliwa ni mtama.

Tazama jinsi maji yalivyoendeshwa. Banio lilikuwa juu, pale mto unapotoka kwenye genge, kabla haujatawanyika bondeni. Kutoka hapo mfereji uliokingwa kwa mawe pande zote mbili ulifuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana. Huo mteremko ndio ufundi wenyewe: ukizidi kidogo maji yanachimba mfereji na kuubomoa, ukipungua tope linatua njiani na kuuziba. Hawakuwa na vifaa vya kupimia zaidi ya maji yenyewe. Mfereji mkuu uligawanyika kuwa midogo, na midogo ikaingia kwenye vijishamba vilivyosawazishwa, vingi vikiwa vidogo kiasi kwamba mtu mmoja angeweza kuvihudumia kwa jembe.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya mashamba yenyewe. Utafiti wa Carol Lang na Daryl Stump, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba baadhi ya mashamba hayo yalitengenezwa na watu kuanzia chini. Walijenga vizuizi vya mawe kukatiza njia ya maji, mafuriko yakapunguza kasi, udongo ukatua nyuma ya mawe. Msimu uliofuata wakainua kizuizi, udongo ukaongezeka, hadi pale palipokuwa na mawe matupu pakawa na shamba lenye kina. Tabaka za udongo zinaonyesha maji yaliyotuama au kwenda polepole, karibu na tunavyofanya kwenye majaruba ya mpunga. Utafiti huo pia unaonyesha kuwa zama hizo maji yalikuwa mengi kuliko leo, kwa hiyo nisingemwambia mtu anakili Engaruka mawe kwa mawe. Kilichobaki na thamani ni utaratibu: tope lilipangiwa mahali pa kutua.

Sasa linganisha na lambo la kawaida. Tunachimba shimo mahali pa chini kabisa, tunaacha korongo limwage kila kitu ndani yake, na shimo likijaa udongo tunaita trekta au tunachimba jingine. Lambo ndilo linalogeuka kuwa mtego wa tope. Juu yake jua la ukanda huu linaweza kula karibu mita mbili za kina cha maji kwa mwaka, kwa hiyo lambo lililopungua kina kwa tope linakaushwa na jua kabla ng'ombe hawajalimaliza.

Majirani zetu wa Machakos, Makueni na Kitui, nchini Kenya, wamelifanyia kazi wazo linalokaribiana na lile la Engaruka. Wanajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba, na wanauacha ujae mchanga kwa makusudi. Maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga. Ukuta ukirudisha nyuma mchanga wenye upana wa mita 10, urefu wa mita 200 na kina cha wastani cha mita 1, hiyo ni mita za ujazo 2,000. Nafasi kati ya chembe ikiwa asilimia 30, zinaingia lita 600,000, ingawa si zote zinazotoka. Jua haliyafikii maji yaliyo chini zaidi ya nusu mita hivi, mbu hawazalii humo, na mchanga unayachuja yanapoelekea kwenye kisima cha pampu ya mkono.

Lakini hapa panahitaji umakini. Mbinu hiyo inataka mchanga wa chembe kubwa. Milima ya Longido ni ya mwamba wa kale usio wa volkano, na makorongo yake hubeba mchanga wa aina hiyo. Makorongo yanayoshuka kutoka Meru hubeba majivu laini ya volkano, ambayo hushika maji na kuyaachia kwa shida. Ukuta wa mchanga ukijengwa Oldonyo Sambu bila kupima udongo, fedha zitakuwa zimepotea. Kwenye majivu hayo mbinu ya Engaruka ndiyo inayofaa: vizuizi vifupi vya mawe, vingi, mfululizo kwenye korongo, vya kutulizia udongo ili uoteshe majani na mtama, huku maji yaliyopungua tope yakiendelea kwenda lamboni.

Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Inahitaji mawe, ambayo tunayo, na watu wa kuyarudishia kila baada ya masika. Ndipo miradi yetu inapokwama, maana mkataba wa kuchimba lambo una mwisho na matunzo ya vizuizi hayana. Wakulima wa Engaruka waliyatunza yao kwa vizazi na vizazi.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Longido, Monduli na Arusha Vijijini: kabla hamjapitisha fedha za lambo jingine, pandeni na korongo linalolijaza, mchukue konzi ya udongo wake mkaitazame, kisha mtenge sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya vizuizi vya juu na kwa ajili ya watu watakaovirudishia mwaka kwa mwaka.