Besi Haiombolezi

Wapo wasemao kwamba muziki wa kantri ni kilio cha walevi tu. Mimi, nipigaye besi kila Ijumaa na Jumamosi katika baa moja ya dansi huko Texas, zile waziitazo honki-tonki, nawaomba waisikilize upya "Crazy Arms" ya Ray Price, ya mwaka 1956. Maneno yake ni ya mtu aliyeachwa, sikatai. Lakini chini ya maneno hayo besi inatembea, mapigo manne, tena manne, haisimami kuomboleza. Wimbo ule ulikaa wiki 20 kileleni mwa chati za kantri.

Redioni mwendo huo waweza kukupita. Ukumbini wachezaji huzunguka sakafu wakifuata upande mmoja, na besi ikiharakishwa kidogo tu, mabega hugongana. Mwimbaji wetu hupenda kuvuta majonzi mpaka wimbo ulegee. Makofi huyapata, ila sakafu hubaki tupu. Price hakuvuta. Kwa dansi namweka mbele hata ya Hank Williams, aliyepata kuishi naye nyumba moja. Wenzangu hawakubali, hubishana nami mpaka saa nane usiku tukifunga vyombo.