Wakili wa Tajiri

Mjini Ukunda, ukisema kazi yako ni kuwatetea matajiri dhidi ya wafanyakazi wao, utatazamwa kwa jicho la pembeni. Ni vigumu hapa kupata ukoo usio na mtu aliyewahi kuvaa sare ya hoteli: mpishi, mhudumu, dobi, mlinzi wa lango la ufuoni. Na ni vigumu kupata ukoo usio na hadithi ya barua iliyotolewa masika, wageni walipokwisha kurudi kwao. Wakili wa mfanyakazi huonekana ndugu. Wa tajiri je? Mimi namwona fundi, tena fundi ambaye kazi yake bora haionekani, kwa kuwa imezuia kesi isizaliwe.

Chukua kisa ambacho kila meneja wa Diani anakijua kwa namna yake. Stoo imehesabiwa, madumu ya mafuta ya kupikia yamepungua, na mtunza stoo hana maelezo ya kuridhisha. Meneja anapiga simu asubuhi. Anataka huyo mtu awe nje ya lango kabla ya chakula cha mchana. Wakili mchanga atauliza ushahidi wa wizi uko wapi. Aliyekomaa ataanza na maswali ambayo meneja huyaona porojo. Ameandikiwa barua ya kujieleza? Amepewa siku ngapi za kujibu? Kwenye kikao atakaa na nani? Mtazungumza lugha gani?

Hilo la lugha si dogo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha awasikilize wote wawili. Katika pwani hii mwenye hoteli anaweza kuwa Mjerumani, meneja ametoka Nairobi, na mtunza stoo ni Mdigo wa Kinondo. Kumbukumbu za kikao zilizoandikwa Kiingereza kitupu, chini yake saini ya mtu aliyejibu kila swali kwa Kiswahili, ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili.

Sheria hiyo hiyo ina upande unaomfaa mwajiri, na hapo ndipo ustadi unapojitokeza. Kifungu cha 43 hakimtaki athibitishe wizi kama mwendesha mashtaka. Kinamtaka aonyeshe sababu ambayo, siku alipomtoa mtu kazini, aliamini kwa dhati kuwa ipo. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiliwa huru na hakimu wa jinai kule Kwale na bado akashindwa katika kesi ya ajira. Jamaa zake hawatalielewa hilo, wala siwalaumu. Lakini imani ya dhati haithibitiki kwa mdomo. Inatakiwa daftari la stoo, stakabadhi za mzigo, ratiba ya zamu, na jina la aliyeshika ufunguo usiku ule. Wakili hodari huenda stoo mwenyewe, akafungua kufuli, akauliza nani mwingine huingia humu. Mara nyingine hugundua kwamba funguo ziko tatu, na moja hukaa jikoni, imetundikwa msumarini, kila mtu akiiona. Hapo humgeukia mteja wake na kumwambia amwache huyo kijana aendelee na kazi. Kwa ushauri huo tu, mimi ningemlipa ada yake yote.

Asiposikilizwa, gharama inajulikana. Tangu mahakama iliposema mwaka 2013, katika kesi moja dhidi ya Tume ya Kuajiri Walimu, kwamba sababu halali na utaratibu wa haki lazima viende pamoja, waajiri wengi wameshindwa kesi wakiwa na sababu nzuri mkononi. Fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Tajiri hulalama kwamba analipishwa kwa kuibiwa. Analipishwa kwa pupa.

Na tajiri kutakiwa ajieleze si jambo geni kwa upande huu wa nchi. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 uliilazimisha serikali ya kikoloni kuunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, waajiri wakatakiwa kueleza mbele yake kwa nini mishahara ilikuwa vile. Mahakama ya Viwanda ilikuja 1964. Leo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye msingi wake katika Katiba ya 2010.

Jaribio gumu lilikuwa Machi 2020. Ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa, vyumba vikabaki vitupu, na mameneja wakawaambia watu waende nyumbani wasubiri simu. Mgodi wa Base Titanium, hapa hapa Kwale, ulipomaliza uchimbaji mwishoni mwa 2024, kufungwa kwake kulikuwa kumejulikana mapema. Hoteli hazikupata muda huo. Hata hivyo kifungu cha 40 kilibaki pale pale: notisi ya mwezi kwa chama au kwa mfanyakazi, na kwa afisa wa kazi, kisha malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Aliyeshauriwa vizuri aliita KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, wakakubaliana kwa maandishi juu ya likizo bila malipo. Aliyetegemea simu alikuja kuulizwa na hakimu: ulimpigia lini?

Mjeuri kuliko wote, kwa maoni yangu, si hoteli kubwa. Ni mwenye nyumba ya kupangisha aishiye ng'ambo, aliyemwajiri mtunza bustani kwa mdomo na kumwita kibarua kwa miaka sita. Sheria humgeuza kibarua wa namna hiyo kuwa mwajiriwa kamili, na pasipo mkataba ulioandikwa ni juu ya mwajiri kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Wakili wake hana cha kushikilia mahakamani. Kinachobaki ni ufundi wa kupatana: kujua deni halisi ni kiasi gani, kulitaja bila kupepesa, na kumzuia mteja asiongeze tusi juu ya deni.

Wakishapatana, bado kuna karatasi moja ambayo tajiri huikatalia kwa kinyongo: hati ya utumishi, inayotaja tarehe ya kuanza, kazi aliyoifanya mtu, mahali na tarehe ya kuacha. Hailazimishi sifa hata moja, na kuinyima bila sababu ni kosa. Wakili huiandaa mwenyewe na kuisukuma mezani pamoja na hundi. Mteja hunung'unika, hutia saini, halafu huuliza kama na hiyo atatozwa.