Kosa Halikuwa la Mbao

Bisibisi ilizama kama imechomekwa kwenye ugali. Ulikuwa ubao wa chini kabisa, ukuta wa nyuma upande wa jikoni, nyumba ya shemeji yangu pale Mafinga, na nyumba yenyewe haijatimiza miaka sita. Ubao wa pili ulishika kidogo. Wa tatu ulikataa kabisa: ncha iliteleza, ikaacha mkwaruzo tu.

Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa hukumu kabla sijafika. "Shemeji, msindano haufai. Ningeweka mninga ningekuwa nimelala."

Nilimwomba tuhesabu. Ukuta ule una mbao 18 za 1x8, zimelaliana kama magamba ya samaki, na zote zilishushwa siku moja kutoka lori moja. Kama mti ndio mbovu, kumi na sita za juu zimeponaje?

Kuvu wanaoozesha mbao wanaishi kwa maji. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hawauwezi. Ukipanda juu ya hapo na kukaa hivyo wiki baada ya wiki, wanaanza kula. Kwa hiyo ukiona ukuta wa mbao umeoza, swali la kwanza ni maji yaliingilia wapi, na la pili ni kwa nini hayakutoka. Jina la mti linakuja baadaye.

Kwa shemeji, jibu la kwanza lilikuwa miguuni petu. Fundi aliyejenga hakukosea: alianza ubao wa kwanza futi nzima kutoka ardhini. Lakini mwaka wa tatu shemeji alimwaga zege apate kibaraza cha kuoshea vyombo, na zege likapanda hadi vidole viwili chini ya ubao. Bati la pale limechomoza kidogo tu nje ya ukuta, na halina mfereji wa kukinga maji. Mvua ya Mafinga huanza Novemba na hukaa miezi. Kila tone linaloanguka kutoka kwenye bati linapiga zege na kuruka juu, moja kwa moja kwenye ubao. Majani yangelimeza, zege linalirudisha. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi hii huacha angalau sentimita 20 kati ya ardhi na ubao wa kwanza, na juu ya zege mimi ningeongeza. Nafasi hiyo ina faida nyingine: mchwa hawairuki. Itawabidi wajenge njia ya udongo juu ya msingi, nawe utaiona ukipita na ndoo yako.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko mbali, Norway. Wajenzi wa makanisa ya kale huko walianza kwa kuchimbia nguzo ardhini, zikaoza. Baadaye wakaacha kuchimbia: wakalaza magogo mazito juu ya mawe, wakasimamisha nguzo na mbao za ukuta juu ya magogo hayo, kisha wakapaka lami ya msindano, wakarudia kupaka kizazi baada ya kizazi. Kanisa la Urnes ni la miaka ya 1130, la Borgund la karibu 1180. Yamebaki 28 nchini humo, na mti wake ni msindano, ndugu wa huu tunaoutukana. Ni kweli kwamba kule kuna baridi na hakuna mchwa, tena walichagua mbao za kiini kilichokomaa, si miti michanga kama yetu. Lakini waliochimbia nguzo nao walikuwa na baridi ileile.

Tulipobandua mbao mbili za chini tukakuta jibu la pili: nailoni nyeusi, imebanwa kati ya mbao na fremu. Nia ilikuwa njema, kuzuia maji. Lakini hakuna ukuta wa mbao usiovuja kabisa, na maji yaliyopenya yalinaswa nyuma ya ubao, hayana upepo wala jua. Mgongo wa ubao wa kwanza ulikuwa mweusi, unanuka kama shimo la taka. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuvisha mbao, pigilia papi za wima juu ya fremu, unene wa inchi moja hivi, uache uwazi chini na juu ili hewa ipande nyuma ya ukuta. Uwazi huo uzibwe kwa wavu mwembamba, la sivyo utafuga panya.

Jibu la tatu lilikuwa kwenye ncha. Ubao ni kama fungu la mirija, na mirija inafunguka pale msumeno ulipopita. Ubavu wa ubao hunywa maji polepole. Ncha hunywa kwa pupa. Kwenye kona zote za nyumba ile na kandokando ya madirisha, ncha ziliachwa wazi, hazikuguswa hata na brashi. Kupaka kila ncha rangi mara mbili kabla ya kupigilia ni kazi ya asubuhi moja.

Misumari nayo ina kesi yake. Mbao zilipigiliwa mbichi, juu na chini, na kila msumari wa chini ulipita kwenye mbao mbili zinapolaliana. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa upana wake. Ikibanwa pande zote mbili haina pa kwenda, inapasuka katikati. Nilihesabu mipasuko saba. Msumari mmoja kwa kila nguzo unatosha, upigwe juu kidogo ya mlalio usiguse ubao wa ndani. Na uwe wa kuzuia kutu, hasa ukitumia miti kama mvule au mtiki: chuma cha kawaida kikikutana na maji ya miti hiyo kinalia machozi meusi ukutani.

Sasa mninga. Shemeji hakukosea kabisa. Mninga hausinyai sana, na kiini chake kinavumilia kuvu na mchwa. Pale chini ungechelewa kuoza. Lakini ni kiini tu. Ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huoza haraka katika kila mti, uwe mninga, mvule au mtiki, na miti michanga ya mashambani ina weupe mwingi. Ukinunua mtiki wa bei ya kuvutia, geuza ubao uangalie kingo. Msindano una sifa ambayo watu wanaidharau: hunywa dawa vizuri. Msindano mkavu uliotiwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo, ukainuliwa ardhini, ukapewa upepo mgongoni, ndio ningeuchagua kwa ukuta wa nyumba ya kawaida, mninga nikauwekea milango.

Kuhusu kupaka, vanishi ya kung'aa siipendi nje. Jua linaipasua, maji yanaingia kwenye nyufa na kukaa chini ya ngozi yake. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi: inachafua udongo, na siku ukitaka kupaka rangi haitashika. Wajapani huchoma uso wa ubao mpaka uwe mkaa; hufunga mbao tatu ziwe bomba la pembetatu, huwasha moto ndani, kisha huzima kwa maji. Ni kazi nzuri, ila sijaona fundi wa kwetu wa kumkabidhi. Anayetaka asili achague mafuta ya mbao na akubali kurudia kila mwaka au miwili. Anayechoka aache ukuta uwe wa kijivu. Kijivu si ugonjwa: jua na mvua hula mbao laini kama milimita 6 tu kwa miaka 100.

Tulifanya hivi. Tulikata zege ukanda wa nusu mita kutoka ukutani, tukachimba na kujaza kokoto, tukafunga mfereji wa bati. Tukakata nailoni sehemu ya chini, tukarudisha mbao mbili zilizotiwa dawa, ukingo wa chini umekatwa mshazari ili tone lidondoke badala ya kurudi ndani. Zile kumi na sita bado zipo.

Dada yangu alipoanza kukusanya vipande vya kijani vilivyobaki kwenye mbao hizo mpya apeleke jikoni, ilibidi nimzuie. Dawa ile ina shaba, kromu na aseniki. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Usivipikie hata chai.