Nakuru ya Binyavanga Wainaina: Mji na Sura Iliyoachwa

Mwandishi anayehifadhi urithi wa mji wake hana budi kuamua kama yeye mwenyewe atakuwemo katika mji huo. Uamuzi huo ndio unaotenganisha maandishi mawili ya Binyavanga Wainaina, aliyezaliwa Nakuru mwaka 1971 na kufariki mwaka 2019.

Katika tawasifu yake, One Day I Will Write About This Place, iliyotoka mwaka 2011, Nakuru huhifadhiwa kwa sikio kuliko kwa jicho. Saluni ya mama, redio na lugha nyingi za watu humjia mtoto asiyeweza kuzipanga. Kwa kukosa neno, mtoto hujitungia lake, “kimay”, la kutajia sauti zinazomtatiza: tarumbeta ya jazi, lafudhi za watu. Neno hilo ni zao la mji wa lugha nyingi, nalo ndilo fanaka kubwa ya kitabu.

Hata hivyo, kitabu hakisemi kwamba mtoto huyo alipenda wanaume. Hilo lilikuja kutamkwa Januari 2014, katika “I Am a Homosexual, Mum”, insha ambayo mwandishi aliiita sura iliyopotea ya kitabu chake. Humo mwana anamwungamia mama aliye mahututi. Tukio lenyewe ni la kubuni: mama alifariki mwaka 2000 mwana akiwa Afrika Kusini.

Yawezekana kudai kwamba sura hiyo ni ungamo la mtu binafsi, si urithi wa mji. Dai hilo halisimami. Mtoto wa miaka saba anayetetemeka kwa kupewa mkono na mcheza gofu yuko Nakuru ile ile. Aliyemwondoa alikuwa ameuhifadhi mji nusu. Tena, baada ya sura hiyo, “kimay” hupata maana ya pili: ni sauti ya jambo lisilo na jina nyumbani.

Upungufu wa sura uko papo hapo. Sikio lililosikia kila lugha ya mji sasa linategemea neno moja la Kiingereza. Lakini mfasiri wa Kiswahili hana nafuu: “shoga”, ambalo wanawake wa pwani huitania kwa urafiki, limegeuzwa tusi. Mwana angemwambia mama kwa neno gani? Lugha isiyoweza kumjibu haijamaliza kazi ya kuhifadhi urithi wake.