Kukata kiambishi kimoja tu

Chukua neno wawindaji, kisha uitake Python, lugha ya kuandikia programu, iondoe «wa» ya mwanzo. Kwa miaka mingi watu waliandika "wawindaji".lstrip("wa") wakitarajia windaji, wakapata indaji. Fanksheni haikukosea. Kwake «wa» si silabi, ni fungu la herufi mbili, na hufyeka kila w na kila a hadi ikutane na herufi nyingine. Ubaya ni kwamba watoto hurudi toto, sawasawa kabisa, kwa hiyo kosa hujificha mpaka lije neno la kulifichua. Ndiyo maana toleo la 3.9, Oktoba 2020, lilileta removeprefix na removesuffix kupitia pendekezo PEP 616. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi: fanksheni ndogo hustahili nafasi katika maktaba sanifu pale inapoziba shimo lililo njiani kwa kila mpitaji.

Mpinzani atasema kazi hii ni mistari miwili, kila mtu ajiandikie. Basi na ajaribu upande wa mwisho wa neno. Wengi wataandika s[:-len(t)], ambapo s ni neno na t ni kiambishi cha kukatwa, yaani bakiza zote ila herufi za t. Lakini t ikiwa tupu, urefu wake ni sifuri, hasi sifuri ni sifuri ileile, na neno zima linayeyuka. Kielelezo cha PEP 616 huhakikisha kwanza kwamba t si tupu. Sharti hilo dogo ndilo anayejiandikia kwa haraka hulisahau.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kinachoingia maktabani hakitoki kirahisi, maana programu za watu hukiegemea. Ni kweli, na dawa yake ni kuibana kazi. Kwa kuwa startswith, inayokagua kama neno linaanza na kiambishi fulani, hupokea viambishi kadhaa kwa mpigo, lilikuwapo wazo kwamba removeprefix nayo ipokee. Likakataliwa. Ukiipa «wa» na «wawi» pamoja, ikate kipi? Jibu lolote lingemshangaza mtu. Hivyo hukata kimoja, mara moja, na kisipokuwapo hurudisha neno lilivyo. Mwenye viambishi vingi atalazimika kuandika kitanzi chake, lakini mpangilio wa kukata atakuwa ameuchagua mwenyewe. Nayo lstrip haikuguswa. Imepata jirani ambaye jina lake linataja kazi yake.